Ng'ombe wa Ukanda wa Sanya: Nani Alifuga, Nani Alikula

Anayesafiri kutoka Moshi kwenda Arusha huiacha barabara kuu pale Bomang'ombe, akakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Sanya Juu. Jina la Bomang'ombe halihitaji mwanahistoria wa kulifafanua. Kulia kwa msafiri uko Mlima Kilimanjaro; kushoto imelala tambarare inayonyooka hadi miguuni mwa Mlima Meru. Nchi hiyo iliyo katikati ya milima miwili ndiyo iliyoitwa, katika nyaraka za serikali ya kikoloni, Ukanda wa Sanya. Wanafunzi wangu wengi hupita hapo wakiwa wamesinzia ndani ya basi. Siwalaumu, mihula ni mirefu. Hata hivyo wanapita juu ya mojawapo ya kurasa nzito kabisa za historia ya siasa nchini, na ukurasa wenyewe ulianza na ng'ombe.

Hivi karibuni nilisimama kwenye bucha moja pale Sanya Juu. Nikamwuliza muuzaji, kijana wa rika la wanafunzi wangu, ng'ombe yule alitoka wapi, alilishia malisho gani, na aliuzwa na nani. Hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Mwalimu," akasema, "nyama hii ni ya leo, na muhuri wa bwana afya ule pale. Nikuchanganyie mifupa au unataka steki tupu?" Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaongeza kwamba kama nina nafasi ya kumhoji ng'ombe, basi nimpishe yeye mwenye wageni nyumbani. Nilipisha.

Nimelitafakari jibu la kijana yule kwa siku kadhaa, kwa sababu lina ukamilifu wake. Mlaji wa Sanya Juu, kama mlaji wa Manzese au wa Mbeya mjini, anajua anachokitaka: nyama iwe ya siku hiyo, iwe imekaguliwa, na mizani isimdhulumu. Kule Ulaya kuna mlaji wa aina nyingine, anayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye pakiti ili ajue kama mnyama aliishi vyema na kama malisho yake hayakugharimu msitu. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na tangu hapo neno "ufugaji endelevu" limeingia katika kila andiko la mradi na kila hotuba ya warsha. Watumishi wenzangu wa umma wanalifahamu vizuri, maana wao ndio hulitafsiri. Ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba hoja yenyewe si ngeni katika miteremko hii. Ilikwishafika zamani, ikiwa na majina mengine, na ilipofika ilikuja na askari.

Tuanze na mlaji wa kale, ambaye alimfahamu ng'ombe wake kwa rangi na tabia. Katika vihamba vya Wachagga ng'ombe hakuchungwa. Alifungwa ndani, mara nyingi chini ya paa moja na wenye nyumba, akaletewa majani. Vitabu vya leo huuita mtindo huu ufugaji wa ndani, kana kwamba ulibuniwa na mradi fulani wa miaka ya 1980. Ardhi ya kihamba ilikuwa ndogo, na migomba haivumilii kwato. Ng'ombe alikula majani na mabua ya migomba, samadi ikarudi kwenye migomba, na migomba ikalisha watu na ng'ombe. FAO hiyohiyo baadaye iliitambua kilimo cha kihamba, katika eneo la Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Ni heshima inayostahili. Tusisahau tu kwamba mzunguko huo mzuri ulizungushwa kwa shingo za wanawake, waliopanda mlima na mizigo ya majani waliyoyakata tambarare, siku baada ya siku, maisha yote. Hakuna cheti kilichotolewa kwa shingo zile.

Nyama nayo haikuwa bidhaa ya kila siku. Ilichinjwa kwa sababu maalumu, na kila kiungo kilikuwa na mwenyewe: sehemu ya mjomba, sehemu ya babu, sehemu ya aliyemtunza mnyama kwa niaba ya mwenye mali. Mlaji alikula uhusiano wake na mfugaji. Asingeweza kuuliza "ametoka wapi," kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya jibu.

Upande wa tambarare walikuwapo Wamaasai, na kwao mpangilio ulikuwa mwingine: ng'ombe walitembea wakifuata mvua, na ardhi ikapumzika kwa kuhamwa. Kisha ikaja sotoka. Maradhi hayo yaliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 yalikuwa yamefagia Afrika Mashariki yote. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa kati ya kila ng'ombe kumi, tisa walikufa. Njaa na ndui vikafuata. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, alionyesha jinsi pigo hilo lilivyovunja uwezo wa jamii kuyatawala mazingira yao: malisho yasiyochungwa yakageuka vichaka, na vichaka vikakaribisha ndorobo. Wajerumani walipoanza kugawa ardhi kwa walowezi, nyanda nyingi walizozikuta "tupu" zilikuwa tupu kwa namna ya nyumba iliyofiwa. Kugawa ardhi kwa kuitazama siku ya msiba ni kosa ambalo utawala wa kikoloni haukulisahihisha kamwe.

Walowezi wa Kijerumani, Makaburu kutoka Afrika Kusini, baadaye Wagiriki na Waingereza, walijaza maeneo ya Sanya, Ngare Nairobi na miteremko ya Meru. Wamaasai wakatengewa nchi kavu zaidi upande wa kusini. Wameru wakajikuta wamezungukwa na mashamba ya wageni, hali ambayo wanahistoria wameiita pete ya chuma: juu yao msitu wa hifadhi, chini yao mashamba, na njia ya kwenda malishoni ikipita katika ardhi ya mtu mwingine.

Hapo ndipo hoja ya utunzaji wa ardhi ilipoingia. Tangu miaka ya 1930 maofisa wa Kiingereza katika Afrika Mashariki walishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, na mkosaji akatajwa mapema: Mwafrika na ng'ombe wake wengi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ukambani mwaka 1938. Serikali ya Kenya iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, kwa maelezo kwamba ardhi inakufa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama pale Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Ng'ombe waliokamatwa kwa ajili ya kuuokoa udongo wakawa na soko tayari. Maelfu ya Wakamba wakatembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka mifugo yao irudi. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza kamba. Sipendi kuwaambia wanafunzi kwamba hofu ya mmomonyoko ilikuwa uongo mtupu. Haikuwa. Picha za makorongo ya Machakos za enzi hizo zinatisha. Wakamba walikuwa wamebanwa katika hifadhi yao baada ya nyanda za malisho kuchukuliwa, kisha wakalaumiwa kwa kubanana. Na mlaji wa nyama ya kopo na supu ya Liebig, huko mbali, hakuambiwa lolote kati ya hayo.

Kwetu Tanganyika jambo hilo lilifika baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali iliunda tume ya ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Tume iliona kwamba Wachagga, Waarusha na Wameru walihitaji ardhi zaidi, na ikapendekeza baadhi ya mashamba yarudishwe. Lakini ilipendekeza pia kwamba Ukanda wa Sanya ufanywe eneo moja lisilokatizwa la walowezi wa Kizungu, kwa ajili ya ranchi na ng'ombe wa maziwa. Ili eneo liwe moja, Wameru wa Engare Nanyuki walipaswa kuondoka na kuhamia Kingori. Hoja zilikuwa za kitaalamu kwelikweli: mifugo ya kisasa haiwezi kuishi jirani na mifugo ya kienyeji yenye kupe na ndigana; ranchi inahitaji uzio, majosho na nafasi; nchi inahitaji nyama na maziwa. Soma kumbukumbu za mjadala ule leo, badilisha maneno machache, na utadhani ni andiko la mradi wa mwaka jana.

Mwezi Novemba 1951 operesheni ikaanza. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba na mazizi yakachomwa moto, na mifugo ikaswagwa kwenda kwenye nchi isiyoizoea, mingi ikafa. Wameru walikataa fidia, na wengi walikataa kukaa Kingori, wakajibana kwa ndugu. Nafasi hiyo yote ilisafishwa kwa ajili ya mashamba 13.

Kilichofuata kinajulikana zaidi, nami nitakipita upesi. Wameru walikuwa na chama chao, Meru Citizens' Union, na walimtuma Kirilo Japhet kwenda New York. Pamoja naye alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na Desemba mwaka huo azimio la kutaka ardhi irudishwe lilifika Baraza Kuu, likapata kura nyingi lakini si theluthi mbili zilizohitajika. Kirilo alirudi bila ardhi. Lakini alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na TANU ilipoundwa Julai 1954 ilikuta watu waliokwishajifunza kwamba malalamiko ya kijiji kimoja yanaweza kusikika duniani. Kisa hiki yeye na Seaton walikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1967. Ardhi nayo hatimaye ilirudi. Leo Ngarenanyuki inajulikana sokoni kwa nyanya zake, na hakuna anayekumbuka siagi iliyokusudiwa kutoka pale.

Nauliza: siagi ile ilikuwa ya nani? Mlaji aliyefikiriwa na tume alikuwa mkazi wa miji, hasa Mzungu, na soko la ng'ambo. Mwaka uleule wa ripoti ya Wilson ulikuwa ndani ya kipindi ambacho Uingereza, iliyochoka na vita, ilikuwa ikitafuta chakula kila pembe ya himaya yake, ikiwa ni pamoja na mradi wa karanga wa Kongwa. Tanganyika Packers, ubia wa serikali na kampuni ileile ya Liebig, ulizaliwa katika mazingira hayo, na kiwanda chake cha Kawe kilisindika nyama ya kopo kwa ajili ya kusafirishwa nje. Kiwanda kilitaifishwa, kikadhoofika, kikafa. Siku hizi mtu akisema "Tanganyika Packers" pale Dar es Salaam, anamaanisha viwanja vya mikutano ya injili. Kongwa, karanga ziliposhindikana, ikawa ranchi. Sisi tulirithi ramani hiyo. Baada ya Azimio la Arusha mashamba ya walowezi ya Kilimanjaro Magharibi yalitwaliwa na taifa, na sehemu yake leo ni ranchi ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ambayo tangu miaka ya 2000 imekuwa ikikodisha vitalu vya baadhi ya ranchi zake kwa wawekezaji. Uzio ulibadilisha bendera. Mfugaji wa kijiji jirani, ukame unapobana kama ule wa mwaka 2009, bado anasimama upande uleule wa waya aliosimama baba yake.

Nina rafiki katika utumishi wa umma ambaye, nikifika hapa, husema ninawapendelea wafugaji. "Mifugo imezidi, Mwalimu. Hesabu haidanganyi." Kweli, nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mvua haikuongezeka kwa kiasi hicho. Ng'ombe anayechukua miaka minne au mitano kufikia uzito wa kuuzwa anatoa gesi nyingi kwa kila kilo ya nyama kuliko anayefika kwa miaka miwili; hilo nalo ni hesabu. Simpingi. Ninachomwomba ni aongeze safu moja kwenye jedwali lake: eneo la malisho lililoondolewa tangu mwaka 1905 hadi leo. Idadi ya ng'ombe bila eneo ni kama bei bila mizani. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu kwa maelezo kwamba wanaukausha Mto Ruaha Mkuu, huku mijini tukilalamikia mgawo wa umeme. Wengi wakaswaga mifugo hadi Lindi na pwani, na migogoro ikahamia nao. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa mipaka Loliondo, na familia za Ngorongoro zikaanza kuhamia Msomera, Handeni. Katika visa hivyo vyote mlaji yupo, ingawa hatuoni sahani yake: mmoja anatumia umeme, mwingine anatazama simba. Wote wawili huambiwa kwamba anayeharibu ni yule mwenye fimbo.

Kuna historia nyingine, ndogo zaidi, inayonipa ahueni, nayo ni ya maziwa. Mwaka 1989 mgawanyo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ya kahawa ikaporomoka. Kilimanjaro, ambako tangu KNCU ya miaka ya 1930 fedha ya kahawa ilikuwa fedha ya baba, nyumba nyingi ziligundua kwamba fedha ya uhakika iko kwenye zizi, na mikono iliyokuwa zizini siku zote ilikuwa ya mama. Wanawake wa Nronga, huko Machame, walikuwa wamekwishaanzisha ushirika wao wa maziwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Ng'ombe yuleyule wa kihamba, sasa akiwa chotara, akawa analipa ada za shule. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za mjomba na fungu lake, muuzaji na mlaji walifahamiana kwa majina. Mnunuzi wa maziwa mabichi ana maabara yake: huyachemsha, na yakikatika, kesho jirani mzima anajua. Akitiliwa maji humhama muuzaji. Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda bodi na viwango, na nia yake ni njema, kwa sababu maradhi ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe si hadithi. Lakini hadi leo maziwa yanayopita kiwandani nchini ni sehemu ndogo sana ya yanayonywewa. Mlaji hajakataa usalama. Amekataa kulipia pakiti ambayo haimwambii zaidi ya anayoambiwa na sufuria yake.

Tatizo la ng'ombe huyu wa ndani ni majani. Tambarare walikokata wanawake wa zamani imelimwa au imejengwa. Msituni nako kulikuwa na ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia ndani zaidi. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikaumeza msitu, na mama mwenye mundu akawa mhalifu mtarajiwa. Nakubali kwamba msitu ule ndio mama wa mito yetu na kwamba ulikuwa ukikatwa vibaya. Ila lita ya maziwa inayouzwa Moshi mjini haijawahi kupanda bei kwa sababu majani yake sasa yananunuliwa na kubebwa kwa pikipiki kutoka mbali. Nani basi anaulipia uendelevu wa msitu? Anayekamua.

Na hapo ndipo zilipo hereni. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010. Kwanza tulipiga chapa ya moto, ngozi zikaharibika. Kisha zikaja hereni za kielektroniki, na wafugaji wakalalamika kuhusu gharama hata zoezi likasitishwa kwa muda. Kusudi lake ni kwamba siku moja mnunuzi wa ng'ambo, au wa hotelini, ajue ng'ombe alitoka wapi. Kahawa yetu iliwahi kupata alama kama hiyo, na alama ilikuwa na maana kwa kuwa kulikuwa na mlaji wa mbali anayeisoma na kuongeza senti. Nyama yetu iliyo nyingi huliwa hapahapa. Atakayeisoma hereni pale buchani, ambako masikio hutupwa kabla nyama haijaning'inizwa, ni nani?

Nilirudi bucha ile Jumamosi iliyofuata. Kijana alinitambua. Kabla sijaagiza aliniambia kwamba ameulizia: ng'ombe wa juma lile alinunuliwa mnadani Weruweru kutoka kwa dalali, dalali alimnunua kwa dalali mwingine, na huyo hakumjua mwenye ng'ombe. "Lakini alikuwa mwekundu," akasema. Nikachukua kilo moja, mchanganyiko.